Alikuwa na watoto sita, akihesabu hadi saba

NDUGU wa tumbo moja hukaa miaka mingi wakiamini kwamba wana mama mmoja. Siku wanapokutana baada ya msiba, kila mmoja akaanza kusimulia, ndipo hugundua kwamba wa kwanza alilelewa na mwanamke mkali asiyecheka, wa mwisho akalelewa na mwanamke aliyecheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge, na wa katikati hawakubaliani hata kuhusu chakula alichokipenda. Kwa sisi tuliokulia ukimbizini jambo hili lina uzito wake, kwa sababu wazee wetu hawakuacha picha wala barua. Walichoacha ni kile tunachokikumbuka, na tusipokumbuka sawasawa hakuna mahali pa kwenda kuhakikisha.

Mama yetu alifariki Agosti 2022 huko Nyanza-Lac, kusini mwa Burundi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Kitambulisho chake kilisema alizaliwa mwaka 1948, lakini huo ni mwaka wa kukisia. Yeye mwenyewe alisema tu kwamba alizaliwa wakati wa mavuno ya mtama, na hakuona kwa nini serikali itake kujua zaidi ya hapo. Alituacha watoto sita. Wawili walizaliwa Burundi kabla ya msiba wa 1972, wanne tulizaliwa Katumba, Tanzania. Leo watatu tunaishi Burundi, watatu ni raia wa Tanzania. Mimi ni wa tano, mwanamke, na kazi yangu ni kufundisha Kiswahili, lugha ambayo mama aliipiga marufuku ndani ya nyumba yake.

Mwaka mmoja baada ya mazishi, kama ilivyo desturi, tulikutana kwa ajili ya kuganduka, yaani kuondoa matanga. Wale wa Tanzania walikuja kwa basi hadi Kigoma, wakapita Manyovu na Mugina kwa hati za dharura za kusafiria, wakafika wamechoka na vumbi hadi kwenye nyusi. Usiku wa kuamkia siku yenyewe tulikaa uani sisi sita tu, bila wake, waume wala watoto. Haikuwahi kutokea tangu mwaka 2008. Mengi ninayoyaeleza hapa niliyasikia usiku ule, na baadhi niliyasikia kwa mara ya kwanza.

Kutoka ziwani hadi porini

Kwa msomaji kijana ni vizuri kukumbusha kidogo. Mwishoni mwa Aprili 1972 ghasia zilianza huko huko kusini, Rumonge na Nyanza-Lac, na mauaji yakaenea nchi nzima. Kwa Kirundi mwaka ule tunauita ikiza, yaani baa lililoshuka juu ya watu. Maelfu kwa maelfu walikimbilia Tanzania, Zaire na Rwanda. Tanzania ikawafungulia makazi ya Ulyankulu mkoani Tabora, kisha Katumba mwaka 1973, na mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970 Mishamo. Katumba iko karibu na mji wa Mpanda, katika eneo ambalo tangu mwaka 2012 ni mkoa wa Katavi. Mama, mtu wa ziwani aliyezoea mukeke na mawese, alishushwa kwenye pori la miombo lenye mbung'o, akapewa jembe na kuambiwa: hapa ndipo kwenu.

Kaka yetu mkubwa alikuwa na miaka mitano walipokimbia. Yeye ndiye mwenye yule mama mkali. Anasema kila jioni Katumba, kabla ya kula, alisimamishwa mlangoni na kutakiwa ataje mipaka ya shamba letu la Nyanza-Lac. Kutoka kwenye jiwe la kufulia nguo pale kijitoni, panda hadi ule mti mkubwa tunaouita umuvumu, nyuma ya nyumba. Kutoka kwenye umuvumu, fuata safu ya michikichi mpaka ya mwisho. Kutoka hapo, shuka na njia ya ziwani hadi urudi kwenye jiwe. Akikosea anaanza upya, na ugali unapoa. Kaka aliijua mipaka ile kabla hajajua jedwali la mbili. "Sikuwa mtoto," alituambia, "nilikuwa hati ya shamba."

Dada yetu wa pili alivuka mpaka akiwa mgongoni. Hakumbuki Burundi hata chembe, na mama anayemkumbuka ni mfanyabiashara. Mawese yaliletwa kutoka Kigoma, na mama alinunua dumu moja moja, akauza gulioni kwa chupa na kwa kijiko. Kijiko kile kilikuwa maarufu kijiji kizima. Hakupunja na hakuongeza. Alikipitisha kidole juu ili mafuta yalingane na ukingo, mteja akitazama. Hakujua kusoma wala kuandika. Madeni aliyaweka ukutani kwa mkaa, kila mdaiwa na alama yake: mwenye baiskeli alichorewa gurudumu, mwenye mapacha mistari miwili, na mzee mmoja msumbufu alichorewa mdomo. Wageni waliokuja kusalimia walikaa wakitazama ukuta, na wapo waliolipa siku hiyo hiyo.

Kaka wa tatu anakumbuka vibali. Mkimbizi hakuruhusiwa kutoka kwenye makazi bila karatasi kutoka ofisi ya mkuu wa makazi, hata kama aendako ni Mpanda mjini. Mwaka ambao kaka alivunjika mguu, mama alikwenda kuomba kibali alfajiri, akarudishwa kesho yake, akarudishwa tena, akakipata siku ya tatu. Hakuwahi kutupa kibali hata kimoja. Vyote alivihifadhi kwenye kopo la maziwa ya unga, na ingawa hakujua kusoma alikitambua kila kimoja kwa doa lake, kwa mkunjo wake, kwa kona iliyoliwa na panya. "Hiki ni cha mguu wako. Hiki ni cha jino la baba yenu." Baba yetu alifariki mwaka 1991 na kuzikwa huko huko Katumba. Kibali cha mwisho alichoombewa, cha kwenda hospitali, kilikuwa juu kabisa ya kopo.

Dada wa nne yeye ni mtoto wa bani. Tulilima tumbaku, kama familia nyingi za Katumba, na waliowahi kulima tumbaku wanajua kwamba moto wa bani haulali. Mama alituhamishia pale na mikeka yetu, akichochea kuni huku akisimulia habari za Samandari na za Bakame mjanja. Halafu vitendawili. Yeye alianza kwa Kirundi, "Sokwe!", na jibu lake ni "Niruze!" Sisi tuliotoka shuleni mchana tukajibu "Tega!" Alikuwa anakasirika, au anajifanya kukasirika, anasema hatategea watoto wa mtu mwingine. Dada anasema hadi leo harufu ya tumbaku mbichi ikimpata sokoni anageuka kutafuta mtu.

Na mimi? Mimi nakumbuka ndala. Mama alikuwa na sheria moja: Kiswahili kiachwe mlangoni pamoja na ndala. Nje zungumza unavyotaka, ndani ni Kirundi. Ukijisahau ukaomba maji kwa Kiswahili, hukupewa maji. Nilidhani hakijui. Siku moja, nikiwa darasa la tatu, nilipita gulioni nikamkuta anabishana na mchuuzi kutoka Mpanda juu ya bei ya dumu, kwa Kiswahili cha haraka chenye methali na matusi madogo madogo, na watu wamemzunguka wanacheka. Aliponiona alinyamaza, akanitumia chumvi. Jioni ile alisema nami Kirundi kama kawaida, hakuna aliyetaja jambo lile. Mwenyewe nadhani hakukichukia Kiswahili. Alikiogopa kwa sababu kilikuja kirahisi mno, na Kirundi hakikuwa na shule wala redio pale kijijini. Kilikuwa na yeye tu.

Wa mwisho, kitinda mimba wetu, alikuwa na miaka sita baba alipofariki. Yeye ndiye anayetuudhi kwa habari za mama mcheshi. Anasema walipobaki wawili nyumbani mama alimfundisha kusonga ugali, akamfunga kitenge kiunoni, na kila ugali ulipotoka na mabuja alicheka hadi akakaa chini. Kaka mkubwa alimsikiliza kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa upole, bila utani: "Ni mama yupi huyo?"

Hesabu ya usiku

Kuna jambo moja tulilokubaliana sote. Kila usiku, taa ikishazimwa, mama alipita gizani akigusa vichwa na kuhesabu kwa Kirundi: rimwe, kabiri, gatatu, kane, gatanu, gatandatu. Kisha akanyamaza kidogo, akamalizia: indwi. Saba. Sisi wadogo tulielewa kwamba wa saba ni yeye mwenyewe. Kitinda mimba alidhani ni paka. Dada wa nne, ambaye siku zote hupenda kuwa na jibu, aliwahi kutueleza kwamba wa saba ni Mungu.

Usiku ule uani ndipo kaka mkubwa alipotuambia. Kati yake na dada wa pili kulikuwa na mtoto mwingine, wa kiume, wa miaka mitatu mwaka 1972. Walivuka naye salama. Alikufa kwa surua Kigoma, kabla familia haijapelekwa Katumba, akazikwa mahali ambapo kaka hawezi tena kupaonyesha. Mama alimkataza kulitaja jambo hilo, na kaka, aliyezoea kutii, alinyamaza miaka hamsini na mmoja. Dada wa pili alilia sana. Maisha yake yote alikuwa akiitwa wa pili, kumbe ni wa tatu.

Kila mmoja neno lake

Mwaka 2007 serikali ya Tanzania iliwataka wakimbizi wa 1972 wachague: kurudi Burundi au kuomba uraia. Wengi mno walichagua uraia. Zaidi ya watu 162,000 walikubaliwa mwaka 2010, ingawa vyeti vyenyewe walivisubiri hadi mwaka 2014. Kama 53,000 hivi walirudi Burundi mwaka 2008 na 2009. Mama, mwenye miaka sitini, alikuwa miongoni mwao. Asubuhi ya safari alifagia kaburi la baba, akapanda treni pale Katumba na mkeka, kopo la vibali na kile kijiko.

Kila mmoja wetu aliamini kwamba kurudi au kubaki ulikuwa uamuzi wake mwenyewe. Tulipolinganisha maneno, tukaona kwamba mama alimwita kila mtu peke yake. Kaka mkubwa aliambiwa: "Mpaka unaojulikana na mtu mmoja si mpaka. Twende." Dada wa pili: "Wewe baki na baba yako, kaburi lisiloangaliwa linageuka pori." Kaka wa tatu, mwenye duka Mpanda, aliulizwa tu kama mteja anaweza kumfuata muuzaji hadi Burundi. Dada wa nne aliambiwa kwamba mama hawezi kusafiri bila mtu wa kumsuka. Mimi niliambiwa kwamba Burundi nako watahitaji watu wa kufundisha watoto. Kitinda mimba aliambiwa afanye anavyotaka, na hilo ndilo lililomuumiza kuliko sisi sote, hadi usiku ule dada alipomwambia: "Wewe peke yako ndiye aliyekuamini."

Kwa hiyo alitugawa, watatu huku na watatu kule. Kaka wa tatu, kwa akili yake ya dukani, anasema mama hakuweka mayai yote kwenye tenga moja. Mimi sidhani ilikuwa hesabu ya biashara. Alikuwa na kaburi moja Tanzania na shamba moja Burundi, na vyote viwili vilihitaji watu.

Jiwe lilikuwepo

Tuliporudi tuliitwa abahungutse, waliorejea. Tuliowakuta waliitwa abasangwa. Shamba letu lilikuwa na wenyewe, familia iliyopewa eneo hilo miaka ya 1970 na kuzaa watoto na wajukuu juu yake. Umuvumu ulikuwa umekatwa. Michikichi ya zamani ilikuwa imeng'olewa na kupandwa mingine ya kisasa kwa mistari. Lakini jiwe la kufulia lilikuwepo kijitoni, limelainika katikati kama kiti, na mama alipolifikia hakusema neno, alivua viatu akaingia majini.

Kesi ilikwenda kwenye tume ya taifa ya ardhi na mali nyingine, iliyoundwa mwaka 2006. Miaka ile ya mwanzo tume ilipendelea pande mbili zigawane. Kaka alisimama mbele ya watu akataja mipaka yote bila kukosea, na wazee wawili wa abasangwa wakakiri kwamba ndivyo ilivyokuwa. Shamba likakatwa katikati, jiwe likabaki kwenye mpaka. Baada ya mwaka 2011 msimamo wa tume ulibadilika, na wengi waliorejea walirudishiwa ardhi yote. Kaka akataka kesi ifunguliwe upya. Mama akakataa. Kaka akaleta ndugu, akaleta majirani, akaleta mtu mwenye kujua sheria. Mama akawapikia wote isombe, akawasikiliza, kisha akauliza: "Nikimfukuza yule mwanamke, nitaomba moto kwa nani?"

Msomaji asidhani kwamba hapa sote tulishangilia. Kaka ana watoto saba, na nusu ya shamba lile ikigawanywa kwao haibaki shamba tena. Aliulizwa mipaka kila jioni ya utoto wake, ugali ukipoa, halafu yule yule aliyemuuliza akaachia nusu. Alilisema hilo uani bila kupaza sauti, na hakuna aliyepata jibu la kumpa. Mimi naona mama alifanya sawa. Lakini mimi nina mshahara, na si vigumu kwa mwenye mshahara kuona hivyo.

Deni

Siku ya kuganduka, baada ya hotuba na kabla ya vinywaji kuzunguka, huulizwa kama kuna anayemdai marehemu au aliyekuwa akidaiwa naye. Mara nyingi watu hunyamaza. Safari hii alisimama yule mwanamke wa ng'ambo ya jiwe, mzee sasa, na fimbo. Alianza kwa Kirundi, halafu alipoona wageni wa Tanzania akabadili, maana Nyanza-Lac Kiswahili kinajulikana. Alisema mumewe alipofariki, mama alikuja na mkeka akalala nyumbani kwake usiku nane mfululizo, hakusema habari za shamba hata mara moja. Alisema pia kwamba mwaka ule wa mwisho mama alimkopesha faranga 20,000 za sare ya mjukuu, na mauti yakamtangulia kulipa. Akafungua fundo la kitenge chake, akazitoa.

Kaka mkubwa alikataa kuzipokea, akasema yameisha. Watu wakaanza kupiga makofi. Ndipo dada wa pili akainuka, akapita katikati ya wageni, akazichukua, akazihesabu noti moja moja mbele ya yule bibi. "Samahani, kaka," alisema. "Mama hakuwahi kusamehe deni. Na aliyelipa alifutiwa alama yake." Yule bibi akacheka, akampa mkono, na wakakaa pamoja hadi jioni. Baadaye niliwaona kwa mbali wakielekea kijitoni, dada akionyeshwa jiwe aliloliona mara ya mwisho akiwa mgongoni.

Vitu vya mama havikuwa vingi. Vitenge wamegawana dada zangu na wake za kaka. Kopo la vibali amechukua kaka wa tatu. Kijiko kiligombaniwa kidogo, kikaenda kwa kitinda mimba, ambaye hana biashara ya mafuta wala haoni sababu ya kueleza atakifanyia nini. Kaka mkubwa hakutaka kitu. Ila kabla wageni hawajaondoka aliwaita wapwa zake waliotoka Katumba, akawatembeza shambani, na kutoka jikoni nikamsikia anawataka warudie: kutoka kwenye jiwe, panda hadi kwenye umuvumu. Hakuna umuvumu, anko, mmoja akasema. "Nimesema panda hadi kwenye umuvumu," kaka akajibu, na wakaanza upya.

Zile faranga 20,000 dada aliziongezea zake akanunua madumu mawili ya mawese ya Nyanza-Lac ya kupeleka Katumba. Alipiga simu siku tatu baadaye. Dumu moja lilivujia ndani ya basi kati ya Uvinza na Mpanda, likachafua mizigo ya abiria wanne, na kondakta alimtoza pesa ya kusafisha. Amekataa kulipa yote. Alidai kwanza waoneshane dumu limevuja kiasi gani.